Huduma kwa Maskini na Wapweke Ilala: Zaka, Jumuiya na Ujirani

Wilaya ya Ilala ndiyo kitovu cha Dar es Salaam. Ndani yake mna soko la Kariakoo, maofisi ya Posta na Kivukoni, hospitali za Muhimbili na Ocean Road, mitaa ya zamani ya Gerezani na Ilala yenyewe, Buguruni na Vingunguti zenye nyumba zilizobanana, na kuelekea magharibi Ukonga, Gongo la Mboto, Pugu na Chanika. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta zaidi ya watu milioni 1.6 wakiishi humo, kati ya milioni 5.38 wa mkoa mzima. Februari 2021 manispaa yake ilipandishwa hadhi ikawa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam.

Makala hii inahusu kazi inayofanyika wilayani humo kwa zaidi ya karne moja: waumini kuwahudumia maskini na wapweke wanaoishi nao mtaa mmoja. Inaeleza kazi hiyo ilivyoanza, taratibu inazofuata na mahali inapokwama. Ukarimu Ilala upo mwingi, na kila Ijumaa na kila Jumapili unaonekana kwa macho. Kinachopungua ni kumjua mwenye shida kwa jina na mahali anapolala.

Maskini na mpweke wa katikati ya jiji

Maskini wa Kariakoo hafanani na maskini wa kijijini. Wa kijijini ana shamba hata kama limekauka, ana ukoo hata kama umegombana. Kijana anayebeba mizigo Mtaa wa Kongo hupata hela ya leo na kuila leo. Usiku hulala barazani mwa duka au juu ya mkokoteni wake, na akiugua hakuna anayejua kwao ni wapi. Akikaa siku tatu bila kuonekana, wenzake hudhani amerudi mkoani.

Wapo wengine ambao jicho haliwaoni upesi. Mjane mwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, iliyobaki katikati ya maghorofa, huhesabiwa kuwa tajiri kwa sababu ya kiwanja chake, ilhali wapangaji wamehama, watoto wako Mbagala au nje ya nchi, na yeye hushinda ndani na redio. Dada wa kazi aliyeletwa kutoka Singida au Iringa akiwa bado mdogo hajui mtu yeyote nje ya geti la Upanga analolifungua asubuhi. Mgonjwa aliyepewa rufaa kwenda Muhimbili au Ocean Road husafiri siku nzima kwa basi na kufika mjini asikokuwa na ndugu. Akitoka kliniki hana pa kulala hadi tarehe ya dawa nyingine.

Watu hawa wanne hawana shida moja. Wa kwanza anahitaji matibabu na mahali pa kuweka akiba yake. Wa pili anahitaji mtu wa kuzungumza naye na wa kumsindikiza hospitali. Wa tatu anahitaji mtu mzima wa kumtetea. Wa nne anahitaji kitanda na sahani ya chakula kwa wiki mbili. Sarafu moja iliyotiwa bakulini haiwezi kuwafikia wote, na anayekosa zaidi ni yule asiyeweza kutembea hadi kwenye mlango wa msikiti au wa kanisa.

Mizizi

Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ina jengo la wodi linaloitwa Sewahaji. Maelfu wamelazwa humo bila kujua kwamba ni jina la mtu. Sewa Haji Paroo alikuwa Mwislamu wa asili ya Kihindi, mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyetajirika kwa kuandaa misafara ya bara na kuuza pembe za ndovu. Alitoa mali yake ijengwe hospitali Dar es Salaam kwa ajili ya watu ambao serikali ya Wajerumani haikuwa na haraka nao, wakati serikali hiyo ikijenga ile ya Ocean Road kwa ajili ya Wazungu. Hospitali yake ilianza mwaka 1897, mwaka huohuo aliofariki. Ilihudumia jiji kwa karibu miaka 60, hadi ilipofunguliwa Hospitali ya Princess Margaret mwaka 1956, ambayo baada ya uhuru ikaitwa Muhimbili. Biashara ya misafara ilikuwa na mateso yake, na hilo lisifichwe. Hata hivyo hospitali kubwa kuliko zote nchini chimbuko lake ni sadaka ya mtu mmoja kwa wagonjwa wasiokuwa na uwezo.

Pugu, iliyo pembezoni mwa Ilala ya leo, ina historia yenye uchungu zaidi. Wamisionari Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia walifungua misheni hapo mwaka 1888 na kuwapokea watoto waliokombolewa utumwani. Januari 1889 misheni ilivamiwa wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani. Wamisionari kadhaa waliuawa na wengine wakatekwa. Kwa wenyeji wa pwani, mmisionari aliyelea yatima na askari wa Kijerumani aliyeteka forodha walikuwa wamefika kwa jahazi moja. Fundisho hilo halijapitwa na wakati: huduma inayokuja pamoja na nguvu hutiliwa shaka, hata kama anayeitoa ana moyo safi.

Kariakoo yenyewe ilikuwa kambi ya wapagazi wa jeshi la Uingereza baada ya Waingereza kuuteka mji Septemba 1916. Wapagazi wengi walikufa kwa njaa na maradhi mbali na kwao. Kambi ilipogeuka kuwa mji wa Waafrika, waliohamia walikuwa Wazaramo, Wamanyema, Wanyamwezi na wengineo wengi, na jambo la kwanza waliloungana kulifanya lilikuwa kuzikana. Mgeni aliyefia mjini bila ukoo aliwatia hofu watu kuliko njaa. Vyama vya kikabila vya miaka ya kati ya vita viwili vya dunia vilikusanya senti kwa ajili ya sanda na chakula cha msiba kabla ya kufikiria siasa.

Mwaka 1933 ilianzishwa jumuiya ya Waislamu, Al-Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, na miongoni mwa waasisi wake alikuwa Kleist Sykes, ambaye miaka minne kabla alikuwa miongoni mwa waliounda African Association. Jamiatul Islamiyya ilijenga shule Kariakoo kwa michango ya watu wa kawaida, ili mtoto wa Kiislamu asilazimike kuchagua kati ya dini yake na kusoma. Kuilea shule ya watoto wa maskini ni huduma ya imani sawasawa na kugawa mchele, na matunda yake hukaa zaidi.

Zaka, fitiri na bakuli la Ijumaa

Katika Uislamu kumpa maskini si hisani ya tajiri. Ni haki ya maskini ndani ya mali ya tajiri. Zaka ya mali humlazimu Mwislamu ambaye mali yake imefikia nisabu, yaani kiwango cha chini kinachokadiriwa kwa thamani ya gramu 85 za dhahabu, na imekaa mwaka mzima wa Kiislamu. Kiwango ni sehemu moja ya arobaini. Mfanyabiashara wa Mtaa wa Narung'ombe ambaye, baada ya kuhesabu bidhaa zilizo dukani kwa bei ya kuuzia, kuongeza fedha taslimu na kutoa madeni anayodaiwa, amebakiwa na shilingi milioni 80, zaka yake ni milioni 2. Wengi huifanya hesabu hii mwezi wa Ramadhani kwa kutaraji thawabu zaidi, ingawa sheria haiwafungi kwenye mwezi huo.

Qurani imetaja makundi manane ya wanaostahili, na watu wa mjini wangefaa kuyasoma upya. Mafukara na maskini ndio wa kwanza. Lakini wamo pia wenye madeni, na wamo wasafiri waliokwama. Mama lishe aliyekopa mtaji kwa riba kubwa akaibiwa sufuria na jiko ni mwenye deni kwa maana kamili. Mgonjwa wa Sumbawanga aliyeishiwa nauli nje ya Ocean Road ni msafiri aliyekwama. Zaka nyingi za Kariakoo hugawanywa kwa noti ndogondogo kwa foleni ndefu ya watu mlangoni mwa duka. Kila mmoja huondoka na hela ya mlo mmoja, na mwakani hurudi akiwa na hali ileile. Wapo wanazuoni waliokubali zaka itolewe kwa kiasi cha kumtoa mtu kwenye ufukara, si kumtuliza jioni moja. Kuwapa familia kumi mtaji wa kutosha, baada ya kuwatembelea na kuwajua, kunaleta manufaa zaidi kuliko kuwapa watu mia tano noti moja moja. Foleni pia ni hatari: panapokuwa na msongamano, wazee na watoto ndio wanaokanyagwa.

Zaka ya fitiri ni nyingine. Hutolewa kwa kila mtu wa nyumba, mkubwa na mdogo, pishi moja ya chakula kinacholiwa mjini, yaani takriban kilo mbili na nusu hadi tatu za mchele, na lazima imfikie maskini kabla ya swala ya Idi. Muda wake mfupi unamlazimisha mtoaji kufanya jambo la maana: kujua mapema anampelekea nani. Hapa ndipo misikiti ya mitaani hushinda taasisi kubwa. Imamu wa msikiti mdogo wa Buguruni anajua mjane yupi amehamia chumba cha uani na mzee yupi hakuonekana kwenye swala ya tarawehe mwaka huu.

Kuna na futari. Mwezi mzima wa Ramadhani misikiti mingi ya katikati ya jiji hutandika majamvi na kugawa tende, uji, maharage na mihogo kwa yeyote aliyepo magharibi ikiingia. Kuli hukaa bega kwa bega na mwenye duka, na hakuna anayeulizwa ametoka wapi. Kwa kijana asiyekuwa na nyumba, huo huenda ndio mwezi pekee katika mwaka anaokula na watu.

Bakuli la Ijumaa ni desturi ya zamani ya maduka ya Kisutu na Mtaa wa Jamhuri, ambako wenye maduka, Waislamu na Wahindu, huandaa sarafu na wenye shida hupita duka kwa duka. Inasaidia, na si vyema kuidharau. Ila mpokeaji hubaki bila jina mbele ya mtoaji hata wakionana kila wiki kwa miaka.

Jumuiya ndogondogo

Kwa Wakatoliki utaratibu mkuu ni Jumuiya Ndogondogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao wa AMECEA, walizifanya kipaumbele cha kichungaji mwaka 1976. Parokia hugawanywa katika kanda na kanda katika jumuiya za familia chache zilizo jirani. Hukutana kila wiki nyumbani kwa mwanajumuiya, kwa zamu. Husali, husoma neno la Jumapili, kisha huulizana habari: nani mgonjwa, nani amefiwa, mtoto wa nani amekosa ada. Ule mfuko wa sadaka unaopitishwa mwishoni huenda kwa mtu ambaye wote wanajua mlango wake.

Zamu ya nyumba kwa nyumba ndiyo siri ya mpango huu. Jumuiya inapofika chumba kimoja cha kupanga Vingunguti, watu kumi na watano wakakaa kitandani, kwenye ndoo zilizofunikwa na wengine nje ya mlango, hali ya mwenye chumba haihitaji kuelezwa. Wanaona paa linalovuja. Wanaona kwamba mama hajaweza kusimama kuwapokea. Hakuna fomu ya ustawi wa jamii inayoweza kupata habari hizo kwa saa moja.

Pembeni ya jumuiya wapo WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki ulioanza 1972, na Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, kilichoanzishwa Paris mwaka 1833 na Frédéric Ozanam na vijana wenzake wakiwa wanafunzi wa chuo. Kanuni ya chama hicho ni kwamba maskini huendewa nyumbani kwake, haitwi ofisini. Kwa mzee mpweke wa Ilala kanuni hiyo ina thamani kuliko kiasi cha fedha kinachopelekwa.

Walutheri wa KKKT, kanisa lililoundwa mwaka 1963 kwa kuunganisha makanisa saba, wana huduma ya diakonia, yaani ya kuwasaidia wahitaji, na ibada za nyumba kwa nyumba, na baada ya ibada ya Jumapili hunadi mayai, kuku na ndizi walizotoa wasiokuwa na fedha mkononi. Mnada huo una heshima ndani yake: bibi aliyeleta mayai sita ametoa sadaka kama mwenye bahasha. Waanglikana wana kituo cha afya Buguruni. Msimbazi, kwenye kituo cha Kanisa Katoliki, kuna makao ya kulelea watoto wachanga waliotupwa au kufiwa. Nje kidogo ya mipaka ya Ilala, Mburahati, masista wa Mama Teresa wanawatunza wasiokuwa na mtu. Na Temeke kuna PASADA, iliyoanza 1992 chini ya Jimbo Kuu la Dar es Salaam kuwahudumia wenye virusi vya Ukimwi wakati majirani walikuwa wakiogopa hata kuwapa mkono. Wajitoleaji wake waliingia vyumbani, wakaosha wagonjwa, wakakaa nao. Wengi kati ya wagonjwa wa miaka ile walikufa, lakini hawakufa peke yao.

Jumuiya ina upande wake wa giza, na unastahili kusemwa wazi. Michango. Ujenzi wa kanisa, jubilei ya padri, sare ya kwaya, sherehe ya somo wa jumuiya: kila mwezi kuna kiwango. Mjane asiyekuwa nacho huanza kwa kuchelewa, kisha huacha kuja, kisha jina lake huandikwa kwenye orodha ya wasioshiriki. Siku akifa, wanawe huulizwa kama mama yao alikuwa hai katika jumuiya. Utaratibu uliowekwa ili kumtafuta mpweke unakuwa mlango wa kumtoa nje. Parokia zinazomwondolea maskini michango kimyakimya, kwa uamuzi wa viongozi wawili bila kumtangaza, zimepata njia sahihi na zinafaa kuigwa.

Wodini na msibani

Katika hospitali zetu ndugu ndiye huleta sabuni, nguo safi na mara nyingi chakula. Mgonjwa asiyekuwa na ndugu huangalia saa ya kutazama wagonjwa ikipita. Ndiyo maana makundi ya waumini yanayoingia wodini Muhimbili na katika hospitali ya Amana siku za mapumziko, wakiwa na sabuni, juisi na pampasi, ni msaada wa kweli. Yangekuwa msaada mkubwa zaidi kama yangerudi. Ziara ya mara moja, picha ikapigwa na mgonjwa akiwa ameshikishwa kipande cha sabuni mbele ya bango la kikundi, humwachia aibu. Muuguzi wa wodi anajua ni nani hajatembelewa tangu alazwe. Kundi linaloanza kwa kumuuliza muuguzi, likachukua wagonjwa wawili tu na kuwafuata hadi watoke, linafanya kazi ambayo hospitali haina watu wa kuifanya.

Katika mauti, Ilala inajua wajibu wake vizuri. Kwa Waislamu kumwosha, kumkafini, kumswalia na kumzika maiti ni faradhi ya kutosheleza: wakiifanya baadhi, wengine wamesamehewa, asipoifanya yeyote, dhambi ni ya wote. Ndiyo maana msikiti wa mtaa una jeneza, una watu wa kuosha, na mgeni asiyejulikana akifia chumba cha kupanga hupata sanda na safu za waswaliji. Wakristo nao hukesha, huimba na kukusanya rambirambi. Turubai hufungwa njiani, viti hukodiwa, na mtaa mzima husimama bila kujali dini ya marehemu.

Lakini tunawajibika kujiuliza kwa nini mtu anapata watu mia mbili siku ya kuzikwa na hakuwa na wawili wa kumpeleka kliniki mwezi uliotangulia. Faradhi ya kumzika ina mpangilio: kuna anayeitwa, kuna vifaa, kuna saa. Kumtembelea mpweke aliye hai kumeachwa kwa utashi wa mtu, na utashi huchoka.

Jambo hilohilo huonekana katika maafa. Milipuko ya mabomu ya Gongo la Mboto Februari 2011, mafuriko ya bonde la Msimbazi Desemba mwaka huohuo, moto wa soko la Kariakoo Julai 2021, moto wa soko la Karume Januari 2022, ghorofa lililoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu zaidi ya 20: kila mara watu walijitokeza na maji, chakula, nguo, nguvu na sala. Kila mara pia, baada ya wiki chache, aliyebaki mjane au kilema alirudi kuwa peke yake.

Serikali na mipaka ya imani

Serikali ina Sera ya Taifa ya Wazee, iliyotolewa kwanza mwaka 2003, na Sheria ya Mtoto ya 2009, ina TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, na maofisa ustawi wa jamii. Imewahi pia kujaribu njia ya nguvu: sheria ya Nguvu Kazi ya 1983 iliwakamata wasiokuwa na kazi na kuwarudisha vijijini, na mwaka 2016 uongozi wa mkoa ulitangaza kuwaondoa ombaomba mjini. Walioondolewa walirudi, kwa kuwa kilichowaleta hakikuondolewa.

Dini haiwezi kuchukua nafasi ya serikali, na isijaribu. Mtoto aliyetelekezwa lazima aandikishwe kwa ofisa ustawi kabla ya kupokelewa na makao yoyote, hata yawe ya watu wema kiasi gani. Na msaada usiwe chambo cha kumbadilisha mtu dini. Ilala, ambako msikiti na kanisa vinatazamana, jambo hilo huvunja amani upesi.

Kipo kitu kinachowezekana sasa, na hakihitaji mfadhili. Imamu, viongozi wa jumuiya na mwenyekiti wa serikali ya mtaa wakae pamoja na mjumbe wa kila shina, waandike daftari moja la mtaa wao: wazee wanaoishi peke yao, wagonjwa wa kitandani, mabinti wa kazi wasiotoka nje, vijana wanaolala barazani. Mbele ya kila jina liandikwe jina la jirani mmoja atakayepita kila wiki, awe wa dini ileile au nyingine. Zaka, sadaka na fitiri zianzie kwenye daftari hilo. Ewe msomaji unayeishi Kariakoo, Buguruni au Chanika, muulize mjumbe wako wiki hii kama mtaa wenu unalo. Kama haunalo, andika wewe majina ya kwanza unayoyajua.